Baraza la Wanafunzi Lisiwe Ufalme

Vyuo vifungapo, mabasi yatokayo Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza hushusha vijana wetu mjini Tabora, na wengi wao huunganisha safari mpaka Ulyankulu. Huja na vitabu vyao, na huja pia na vyama vyao. Yuko aliye katika umoja wa wanafunzi wa dini yake. Yuko aliye katika umoja wa waliosoma shule moja. Yuko aliye katika umoja wa watokao kijiji kimoja. Na wako mabinti walioanzisha vyama vyao wenyewe vya kuwekeana akiba na kufaana wakati wa misiba. Hatuoni ubaya wowote katika hayo. Kijana aliye mbali na kwao hana budi kupata ndugu.

Ubaya huanza pale vyama hivyo vinapotaka kufanya jambo moja kwa pamoja. Likizo hii wataka kuwafundisha hisabati watoto wa sekondari. Likizo ijayo wataka kumchangia mwenzao aliyekwama ada. Huitishwa mkutano, na badala ya kuzungumzwa hisabati au ada, huzungumzwa nani awe mkubwa wa wote. Chama chenye watu wengi hudai kiti kwa wingi wake, chama kikongwe kwa ukongwe wake, na chenye fedha kwa fedha zake. Likizo hwisha, na mtoto wa sekondari hajafundishwa kitu. Leo tunapenda kulisema jambo hili kwa uwazi, maana vijana hawa ndio tunaowatarajia kututoa gizani kesho.

Tatizo lao si geni duniani. Ndugu zetu Weusi wa Marekani walilikabili zamani. Mwaka 1906 wanafunzi saba Weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell walianzisha chama cha udugu kilichoitwa Alpha Phi Alpha, kwa kuwa katika vyama vya wanafunzi Weupe hawakuwa na nafasi. Mwaka 1908 wasichana wa Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, wakaanzisha chao, Alpha Kappa Alpha. Kufikia mwaka 1922 vyama vya namna hiyo vilikuwa vinane, vya wanaume na vya wanawake. Na cha tisa, Iota Phi Theta, kilizaliwa mwaka 1963.

Msomaji asidhani kwamba vilikuwa vyama vya karamu na mavazi tu. Delta Sigma Theta ilianzishwa Januari 1913, na mwezi Machi mwaka huo huo wasichana wake walikuwa barabarani Washington wakiandamana kudai haki ya wanawake kupiga kura. Kuanzia mwaka 1935, Alpha Kappa Alpha ilipeleka madaktari na wauguzi katika vijiji vya Mississippi kuwatibu wakulima maskini, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa. Hata Waafrika wenzetu Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah, waliosoma Marekani kabla ya kuziongoza Nigeria na Ghana, walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma.

Lakini vyama hivyo vilishindana vikali. Vilishindana kwa rangi za mavazi, kwa nyimbo na kwa ngoma za kukanyaga ardhi. Vilishindana pia kumnyang'anyana kila mwanafunzi mwenye akili. Ndipo tarehe 10 Mei 1930, katika Chuo cha Howard, vitano kati ya hivyo vilipoanzisha baraza la pamoja, na vingine vikajiunga kwa nyakati mbalimbali baadaye. Baraza hilo lina mabaraza madogo vyuoni, ambako kila chama hupeleka wajumbe wake.

Hapa ndipo penye fundisho. Baraza lile halikumeza chama chochote. Kila chama kilibaki na katiba yake, rangi zake, hazina yake na viongozi wake. Baraza hushughulikia yale tu ambayo chama kimoja hakiwezi kuyamaliza peke yake: kupanga siku za shughuli ili zisigongane, kusuluhisha magomvi, kusema kwa sauti moja mbele ya wakuu wa chuo, na kufanya kazi za kuusaidia umma. Wajumbe hukutana wakiwa sawa, na hakuna anayeingia akiwa bwana wa mwenziwe.

Tusifiche pia upungufu wao. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuingia katika vyama vile alipitishwa katika mateso: kunyimwa usingizi, kutukanwa, hata kupigwa. Mwaka 1990 vyama hivyo vilikubaliana kufuta utaratibu ule wa majaribio uliolea mateso hayo. Hata hivyo mateso hayakukoma. Yalijificha, na vijana wengine waliumia gizani. Kupitisha azimio ni jambo moja, na kulisimamia ni jambo jingine. Nasi tusijione wasafi, kwani katika shule zetu za bweni mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameitwa njuka, akafuliwa heshima yake kabla ya kufua shati lake. Anayeonewa leo hungoja zamu yake ya kuonea kesho. Baraza lisiloweza kumlinda mgeni halistahili kuitwa baraza.

Wako watakaosema: Marekani ni mbali, sisi tuna yetu. Ni kweli, tuna yetu, nayo yako karibu kuliko wanavyodhani. Babu zetu Wanyamwezi waliobeba pembe kutoka bara hadi Bagamoyo hawakusafiri kama kundi la ng'ombe. Msafara uligawanyika katika kambi ndogo ndogo, na wenye kambi moja walipika pamoja na kuuguzana. Wanyampara walisimamia wapagazi, na kirangozi alitangulia kuonyesha njia. Kirangozi hakuingia katika chungu cha kambi ya mtu. Kazi yake ilikuwa njia. Na katika njia ile ile, kwa kukutana na makabila mengine, ukakua utani, desturi iliyomruhusu mtu kumkejeli mwenziwe bila kuleta vita, na ikamlazimisha amzike mtani wake siku ya msiba. Huo ndio ushindani wenye mipaka.

Baadaye vilikuja vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyoanzia pwani na kuenea bara kufuata askari na makarani. Vilikuwa na vyeo vya kifalme na vya kijeshi, na vilishindana kwa tarumbeta na mavazi mpaka watu wakatumia zaidi ya uwezo wao. Lakini vilisaidiana pia katika ugonjwa na mauti. Wakoloni waliwatazama kwa mashaka, wakijua kwamba watu waliojifunza kuchanga na kuchagua viongozi wao hawatakaa kimya milele. Hawakukosea. Mwaka 1943 kule Makerere, Julius Nyerere na wenzake walianzisha umoja wa ustawi wa wanafunzi wa Tanganyika. Alipokuja kufundisha St. Mary's hapa Tabora mwaka 1946, mazoea yale ya kuketi na kujadiliana aliyaingiza katika tawi la Tabora la Chama cha Waafrika. Yaliyofuata mwaka 1954 kila mtoto wa shule anayajua.

Tunalo pia fundisho la upande wa pili. Ulyankulu ilikuwa mojawapo ya nchi alizozitawala Mtemi Mirambo. Hakuna anayebisha ushujaa wake. Aliziunganisha himaya nyingi ndogo na kuwatoa jasho Waarabu wa Unyanyembe. Lakini umoja ule uliegemea mkono wake. Alipofariki mwaka 1884, haukuchukua miaka mingi kusambaratika. Baraza linalomtegemea mwenyekiti mmoja hodari huonekana imara maadamu yeye yupo. Siku ahitimupo na kuondoka, huondoka nalo mfukoni.

Sasa tuseme neno gumu zaidi, nasi tunalisema tukiwa ndani ya Chama. Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga marupurupu mapya ya viongozi. Mamia walifukuzwa. Chama chao, DUSO, kilivunjwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA chini ya jumuiya ya vijana ya Chama. Nia ya waliofanya hivyo huenda ilikuwa njema, ya kutaka vijana wote wawe chini ya mwavuli mmoja. Lakini wanafunzi wengi hawakuiona MUWATA kuwa yao. Mtu hakilindi kiti alichowekewa na mwingine. Mwaka 1990 Chuo kilifungwa katika mgogoro mwingine mkubwa, na muda si mrefu baadaye wanafunzi wakawa na chama kingine, DARUSO. Uzoefu huo watufundisha kwamba kiongozi akiliteka baraza la vijana, hulipata jengo na kuikosa mioyo.

Kwa hiyo basi, kada mwenzetu anayepanga kulifanya baraza la wanafunzi wa Ulyankulu kuwa ngazi yake ya uchaguzi, tunamwomba aache. Chama kina vikao vyake kwa wanaotaka kuingia. Vivyo hivyo tunawaomba masheikh na wachungaji. Dini yetu imetufundisha shura, yaani kushauriana. Haikutufundisha kuwashauri wengine waufyate.

Na hapa Ulyankulu liko jambo linaloyazidi mengine yote. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1972 kuwapokea ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi. Waliokuja na watoto mgongoni walifyeka msitu, wakalima mahindi na tumbaku, wakajenga shule na makanisa. Na kwaya ya Barabara ya 13 imeimba mpaka jina la Ulyankulu likajulikana mbali na Tabora. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kijana wa leo aliyezaliwa hapa, akasoma hapa, ni Mtanzania. Lakini bado husikika katika mikutano ya wanafunzi neno la pembeni: huyu si wa hapa, asishike hazina. Neno hilo ni sumu. Nchi ikishamkubali mtu, mwenyekiti wa kikao cha wanafunzi hana mamlaka ya kumkataa. Na wale waliozaliwa katika makazi nao wasijifungie katika chama chao wakiwatazama Wanyamwezi na Wasukuma kama wageni wao. Mlango hufungwa kwa pande zote mbili.

Wapo wanaotushauri kwamba dawa ni kuvifuta vyama vidogo vyote na kubaki na kimoja. Tunawaelewa, maana wanaogopa ukabila. Lakini chama kilichofutwa hakifi. Huenda kukutana usiku. Afadhali kikae mezani mchana, kikiwa na jina lake na hesabu zake, kiulizwe na kijibu.

Tunapendekeza basi mambo machache. Kwanza, kila chama, kikubwa au kidogo, cha wavulana au cha wasichana, kiwe na idadi sawa ya wajumbe. Pili, uenyekiti uzunguke kila mwaka kutoka chama hadi chama, na wasichana wasiachiwe kazi ya kuandika kumbukumbu na kupika chai peke yake. Tatu, fedha za michango ziwe na watia saini wa vyama tofauti, na hesabu zisomwe hadharani kabla ya vyuo kufunguliwa. Tumekwisha kuona mchango wa mgonjwa ukiyeyuka mikononi mwa watu wanaoheshimika. Nne, chama kitakachomtesa mwanachama mpya kisimamishwe, na mambo ya jinai yapelekwe polisi, yasimalizwe kienyeji. Tano, baraza lisiingilie ibada, mila wala hazina ya chama chochote.

Mkiyafanya hayo, ndugu vijana, magomvi hayatakwisha, na wala hayatakiwi kwisha yote. Shindaneni kwa nyimbo, taniani, kila chama kijisifu kwamba ndicho kilichofaulisha watoto wengi zaidi wa sekondari. Hayo ndiyo majivuno tunayoyataka. Likizo ijayo tutapita katika madarasa ya Ulyankulu kutazama. Hatutauliza nani ni mwenyekiti. Tutauliza ni watoto wangapi wamefundishwa.