Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa: Mkulima aandikishwe lilipo shamba lake

Mheshimiwa Waziri,

Nina hasira. Mahindi yangu yamekosa mbolea kwa sababu ya karatasi.

Huku Umatengo, mkoani Ruvuma, mashamba ya ngoro, yaani ya mashimo kwenye miteremko ya mlima, yamegawanywa kwa warithi mpaka hayagawanyiki tena. Wengi wamehamia vijiji vya tambarare moja kwa moja. Wengine, kama mimi, tunashuka kulima mahindi mvua zikikaribia na kurudi baada ya mavuno, kwani kahawa na watoto wako mlimani.

Nilipokwenda kujiandikisha kwa mbolea ya ruzuku, mtendaji wa kijiji cha nyumbani alisema shamba langu haliko kwake. Wa tambarare akataka barua ya utambulisho. Nilipoifuata, nikajibiwa kwamba barua hupewa anayehama, nami sijahama. Namba ya mkulima nikaikosa. Msimu wa 2022/23 ruzuku iliushusha mfuko wa DAP wa kilo 50 hadi shilingi 70,000. Bila namba, nafuu ya namna hiyo inanipita.

Nikapanda bila mbolea. Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakageuka njano kuanzia nchani, njano ikafuata uti wa jani hadi kwenye shina. Ya jirani, hatua chache tu, yalikuwa kijani kilichokolea. Udongo ule ule, mvua ile ile. Yangu yalikosa mbolea, na sasa ghala langu ni tupu.

Hata kwenye mkutano mkuu wa kijiji tunakolima hatuna sauti.

Viongozi wetu huwaona wanaokimbilia mijini tu. Mkulima wa msimu, mfugaji anayefuata malisho, mwanamke aliyeolewa kijiji cha pili na kunyang'anywa shamba mume akifa: hawa wote huitwa wageni katika nchi yao. Ibara ya 17 ya Katiba inatupa uhuru wa kwenda na kuishi popote. Sensa ya 2022 ilituhesabu pale tulipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, bila kudai barua. Kwa nini kwenye mbolea tuulizwe kwetu ni wapi?

Waagize watendaji wote, kwa maandishi, wamwandikishe mkulima katika kijiji lilipo shamba, na barua ya utambulisho apewe anayelima kwa msimu kama anavyopewa anayehama. Agizo libandikwe kwenye ofisi za vijiji kabla ya mvua za Novemba. Likichelewa, tutapanda tena bila mbolea, na safari hii utakuwa unajua sababu.

Mkulima wa msimu,
Ruvuma