Tunapewa Maksi kwa Kupika Data

Mwaka wa pili, praktiko ya kemia, tulikuwa wanne kwenye kundi. Kazi yetu ilikuwa kupima kafeini kwenye kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kutumia HPLC. Kwa wenzangu wa sheria na biashara niseme kwa kifupi: ni mashine inayosukuma mchanganyiko wa methanoli na maji, kwa presha kubwa, upite kwenye bomba fupi la chuma lililojazwa chembe laini sana. Bomba hilo tunaliita kolamu. Ukidunga sampuli, kila kitu kilichomo hukaa ndani ya kolamu kwa muda wake, kisha hutoka na kuchora kilele kwenye skrini. Muda huo ndio kitambulisho. Kafeini safi ikitoka dakika ya 6.2, basi kilele cha 6.2 kwenye kinywaji tunakihesabu kuwa kafeini.

Sasa yetu ilihama. Asubuhi kafeini safi ilitoka 6.2. Mchana kilele cha kinywaji kikatoka 6.0. Saa tisa tukarudia kafeini safi, ikatoka 5.8. Kafeini ileile, chupa ileile! Mwenzetu akatazama saa, akasema, "Jamani, andikeni 6.2 zote twende tukale." Tukaandika, na tukapata A. Kundi lililotumia mashine pamoja nasi siku ile liliandika namba lilizoziona. Wakapewa C, na pembeni wino mwekundu: "Rudieni, matokeo hayaeleweki." Warudie lini, na mashine ni moja?

Siku chache baadaye nilimfuata fundi wa maabara. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Na ile A yenu?" Kumbe alijua. Hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu: kile kilele kidogo cha mwanzo kabisa, cha vitu ambavyo kolamu haivishiki, nacho kilihama? Nikafungua grafu. Kilikuwa dakika ya 2.5 kwenye zote tatu. "Basi pampu haina kosa," akasema. Pampu ikivuta hewa, au kukiwa na mvujo kabla ya kolamu, kila kilele huchelewa kwa uwiano uleule, hicho cha mwanzo kikiwemo. Kikibaki palepale halafu vingine vikahama, tafuta kwenye mchanganyiko, kwenye joto au kwenye kolamu yenyewe.

Mchanganyiko wetu ulikuwa wa chupa moja siku nzima. Methanoli ikipotea kwa mvuke, kafeini huchelewa. Yetu ilikuwa inawahi. (Alinionya pia kwamba kumimina mililita 400 za methanoli na kujaza maji hadi alama ya lita moja si sawa na kupima 400 na 600 mbalimbali kisha kuchanganya, maana methanoli na maji vikikutana ujazo hupungua. Makundi mawili yanaweza kupishana kwa hilo tu, na kila moja likaapa lilifuata maelekezo.) Ikabaki joto. Hapo akafunua daftari lake: kiyoyozi kilizima saa tano, chumba kikatoka nyuzijoto 24 hadi 31, na mashine yetu haina kifaa cha kutunza joto la kolamu. Nyuzi moja ikipanda, kolamu hupunguza kushika kwa kama asilimia 1 hadi 2. Piga hesabu, inaingia. Hata presha iliyokuwa ikishuka kwenye skrini, ambayo sisi tulidhani ni mvujo, ilikuwa ni kimiminika kupata joto na kuwa chepesi.

Dakika 20 hizo zilinifundisha kuliko muhula mzima. Na majibu yote yalikuwa ndani ya zile namba tulizozifuta.

Mwaka huu nilipokwenda mazoezi ya kufundisha ndipo jambo hili liliponiuma. Kidato cha nne walikuwa wanafanya titresheni. Kijana mmoja alikaa na bureti yake imejaa, hajafungua hata tone. Nikamuuliza anasubiri nini. "Mwalimu, nasubiri useme imetoka ngapi." Nilitaka kumkemea nikakosa mdomo. Mimi na A yangu tulisubiri nini?

Ndiyo maana nasema mfumo wa kusahihisha ripoti za praktiko ubadilike. Nusu ya maksi iende kwenye kueleza kilichotokea, namba zikiwa nzuri au mbaya. Na mara moja kwa muhula tupewe mashine iliyoharibiwa makusudi: kiyoyozi kizimwe, au methanoli izidishwe kidogo, kisha kundi litafute kosa na kulithibitisha.

Najua jibu litakalokuja. Wanafunzi ni wengi, mashine ni moja, methanoli ni ghali, mhadhiri ana ripoti lundo la kusahihisha. Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini kusoma grafu hakuhitaji methanoli. Chapisheni grafu tatu zilizohama, mtupe saa moja ya semina. Na namba za kupikwa nazo zina gharama yake: mashine za aina hii ndizo zinazopima kama kidonge kina dawa iliyoandikwa kwenye pakiti. Aliyezoea kuandika 6.2 hapa, kule ataandika nini saa kumi na nusu jioni basi linapomsubiri?

Wahadhiri peke yao siwalaumu. Hakuna aliyetushika mkono siku ile, na njaa si sababu.

Niliwaambia wenzangu wa kundi kwamba naandika haya. Wawili wamekubali. Wa tatu ameniomba nisubiri kwanza tumalize chuo.