Zipu ya DNA na kilio cha mfugaji

Ukimtuma mtoto wa hapa Landless akununulie kamba, atarudi na ile ya kuanikia nguo. Usimgombeze. Sisi wa Thika, kamba wa baharini huwasikia tu kwa jamaa waliotoka likizo Mombasa. Lakini Jumapili hii, mpenzi msomaji, nataka tuwazungumzie hao kamba wenye miguu, maana masaibu yanayowapata wafugaji wao yanafanana sana na yaliyompata jirani yangu, hapa hapa mtaani.

Jirani huyo ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Mnamo 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, naye aliingiwa na hamu akachimba chake kwa pesa zake. Akatandika plastiki, akatia vifaranga vya tilapia, na kwa miaka kadhaa alivuna vizuri. Kisha asubuhi moja akakuta samaki watatu wakielea. Kesho yake walikuwa kumi na mmoja. Akawafunga wawili kwenye barafu, akapanda matatu hadi maabara moja jijini. Akaambiwa asubiri.

Majibu yalipotoka, kidimbwi kilikuwa kimebaki matope na uvundo, na karo ya kitindamimba wake ilikuwa imekwenda na maji.

"Mwanangu," aliniambia, "majibu yale yalikuja kama rambirambi. Mimi sikutaka kupewa pole. Nilitaka kuonywa."

Neno hilo, kuonywa, ndilo linalowasumbua wafugaji wa kamba duniani kote. Adui yao mkubwa ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na virusi. Ulizuka Asia Mashariki mapema katika miaka ya 1990. Kufikia 1999 ulikuwa umeivamia Ekuado, kule Amerika Kusini. Mwaka 2011 ukabisha hodi Msumbiji, na 2012 ukaingia Madagaska. Virusi hivi havimdhuru binadamu, lakini vikishika kasi, bwawa zima laweza kufa katika muda wa siku tatu hadi kumi. Dawa hakuna. Ubaya zaidi ni kwamba kamba anaweza kuvibeba mwilini bila kuonyesha doa hata moja. Waliosema samaki mmoja akioza wote wameoza, hapa hawakutia chumvi.

Basi kinga iliyopo ni kujua mapema: kuwapima kamba wazazi na vifaranga kabla hawajatiwa bwawani. Kwa miaka mingi kipimo kinachoaminika kimekuwa kile kiitwacho PCR, kilichobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobeli miaka kumi baadaye. Mashine hupasha moto na kupoza sampuli mara nyingi ili kuzidisha nakala za DNA ya virusi hadi zionekane. Kipimo hiki ni kizuri sana, ila kwa kawaida kinahitaji maabara, umeme wa uhakika, mtaalamu, na saa kadhaa bila kuhesabu safari. Mfugaji aliye mbali na mji atapanda matatu kama Mwalimu.

Hapo ndipo wanasayansi wanapoutumia umeme uliomo ndani ya DNA yenyewe. Binti yangu aliponiuliza jambo hili linawezekanaje, nilimwonyesha zipu ya sweta lake la shule. DNA ni kama zipu iliyosokotwa: pande mbili zenye meno, na meno hayo ni herufi nne, A, T, C na G. A hushikana na T tu, C hushikana na G tu. Zipu ya virusi vya madoa meupe ina jozi za meno zipatazo 300,000, na zimo sehemu ambazo hazipatikani kwa kiumbe kingine.

Sasa, chukua kipande kifupi cha upande mmoja wa zipu hiyo, ukishone juu ya kibati kidogo cha dhahabu. Mwagia majimaji yaliyotayarishwa kutoka kwa kamba. Kama virusi vimo, upande wa pili utakuja kushikana na mwenziwe, na zipu itafunga. Kama havimo, zipu hubaki wazi.

Utajuaje kwamba imefunga, na haionekani kwa macho? Uti wa DNA una chaji hasi, kama ule upande wa betri ya redio wenye alama ya kutoa. Zipu ikifunga, chaji hasi huongezeka juu ya dhahabu. Katika maji ya kipimo huwekwa kemikali nyingine yenye chaji hasi, ambayo kazi yake ni kupokezana elektroni na dhahabu hiyo. Hasi na hasi husukumana. Kemikali hufukuzwa, mkondo wa umeme hupungua, na mita husema: virusi vimo.

Kuna na njia ya pili. Mwaka 1993 mwanakemia Jacqueline Barton wa Caltech, Marekani, na wenzake walitangaza kwamba elektroni zaweza kusafiri ndani ya DNA, zikipitia jozi za herufi zilizopangwa kama sahani kabatini. Ubishi ulikuwa mkali. Baadaye ikadhihirika kwamba herufi moja tu ikikosa mwenziwe wa halali, safari hiyo huvurugika. Kwa mpimaji hiyo ni neema, kwani umeme wenyewe humwambia kama meno yameshikana sawasawa.

Nisiwadanganye, wasomaji. Vifaa vingi vya namna hii vingali katika maabara za utafiti. Matope ya bwawa si maji safi ya maabara, na mara nyingi ni lazima DNA izidishwe kwanza. Tena mita haiponyi mgonjwa. Humpa mwenye bwawa muda wa kufunga milango ya maji na kuokoa majirani.

Lakini sisi wa bara tusidhani hayatuhusu. Maji ya Chania na Thika huingia Tana, yale ya Ruiru huingia Athi, na mito yote miwili huishia pwani, kwenye Ghuba ya Ungwana na Malindi, wanakovuliwa kamba wetu. Na tilapia wana virusi vyao, vilivyoelezwa mara ya kwanza nchini Israeli mwaka 2014. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuvipata katika samaki wa Ziwa Victoria, pande za Uganda na Tanzania. Kwao pia zipu inaweza kushonwa.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayelalamika kwamba fizikia, kemia na biolojia hazina uhusiano, hapo zimekutana juu ya kibati kimoja.

Mwalimu amekwisha kukausha kidimbwi chake na kukipaka chokaa. Anasema ataweka samaki tena, ila safari hii atauliza kwanza vifaranga vimetoka wapi na vilipimwa na nani. Nawe ukienda kununua, uliza hivyo hivyo.