Mawazo Tunayo, Wanunuzi Wako Wapi?

Sijawahi kuona mjadala wa hadhara kuhusu mustakabali wa ubunifu na ujasiriamali ukaisha bila mwanajopo mmoja, mara nyingi yule aliyevaa koti bila tai, kuwaambia vijana kwamba mtaji wa kwanza ni wazo. Ukumbi hulipuka kwa makofi. Wanafunzi wa vyuo huandika kauli hiyo kwenye madaftari waliyogawiwa mlangoni, yenye nembo ya benki isiyowakopesha hata shilingi mpaka walete hati ya nyumba. Kauli yenyewe ni uongo, tena uongo unaowafaa sana wanaoutoa.

Ushahidi wao wa siku zote ni M-Pesa. Haya, tuuchukue huohuo. M-Pesa haikubuniwa na kijana wa Kibera aliyekesha na kompyuta ya kuazima. Ilianzia kwa Nick Hughes, mwajiriwa wa Vodafone huko Uingereza, aliyeomba ruzuku kwenye mfuko wa idara ya misaada ya nchi hiyo. Walipa kodi wa Uingereza wakatoa takriban pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Majaribio yakaanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Na wazo lilikuwa lipi? Kwamba wakopaji wa taasisi ya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Hesabu za marejesho ya vikundi zikageuka kero. Wateja nao, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi wakaliweka kando wazo lao wakafuata walichokiona mitaani, na Machi 2007 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya ambayo wakati huo hisa zake nyingi zilikuwa mali ya umma, ikazindua huduma ya kutuma pesa. Benki Kuu ya Kenya ilikubali waanze ingawa nchi haikuwa na sheria ya mifumo ya malipo; sheria hiyo ilikuja mwaka 2011.

Kwa hiyo wazo la kwanza lilifeli. Kilichoiokoa M-Pesa ni fedha ya kukosea nayo kwa zaidi ya mwaka mzima, mishahara ikiendelea kuingia, na dola iliyokuwa tayari kulea jambo ambalo bado halikuwa na jina kisheria.

Kijana wetu anaruhusiwa kukosea mara ngapi? Kikundi cha Tanzania kilichochukua mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato inayotengwa na halmashauri kikanunua mashine ya kufyatulia matofali, kisha kikagundua kwamba mtaa wao ulihitaji kitu kingine kabisa, kina ugunduzi mzuri kuliko wa Hughes. Marejesho hayangoji ugunduzi.

Nenda mtaa wa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, si mbali na kumbi hizo zenye viyoyozi. Muoneshe fundi picha ya mashine kwenye simu. Ataizungukazunguka kwa macho, atauliza inakaanga nini au inasaga nini, kisha ataitengeneza kwa chuma chakavu na kuongeza kitu ambacho kiwanda cha ng'ambo hakikukifikiria. Banda moja likipata mbinu mpya leo, kesho kutwa banda la jirani nalo linayo. Kama wazo lingekuwa mtaji, Gerezani ingekuwa na maghorofa yake. Kinachomnyima fundi usingizi ni bei ya bati, umeme unaokatika kazi ikiwa nusu, na mteja aliyeacha kishika uchumba kidogo kisha akazima simu.

Mteja mkubwa kuliko wote ni Serikali. Kwenye karatasi imejitahidi: nchini Tanzania asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma hutengwa kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na Kenya ina utaratibu wa namna hiyo tangu 2013. Lakini muulize mzabuni mdogo aliyepeleka madawati shuleni. Kupata zabuni ni kazi. Kupata malipo ni kazi nyingine, na mara nyingi mwaka wa fedha hugeuka akiwa bado anapanda ngazi za ofisi na bahasha ya hati zake. Kampuni kubwa inaweza kungoja. Kijana aliyenunua mbao kwa mkopo hawezi. Serikali ikichelewa kumlipa, yeye ndiye anakuwa benki ya Serikali, tena bila riba.

Na ikiamua, Serikali hubadili hesabu za kila mtu kwa usiku mmoja. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, wakala wa mtaani hakuwa amekosea lolote. Wazo lake lilikuwa zuri kama la jana. Wateja ndio waliopungua. Miezi miwili baadaye tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, lakini kodi ya kibanda ilishadaiwa.

Najua nitatajiwa Dkt. Askwar Hilonga, aliyebuni kichujio cha maji huko Arusha na kushinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Namheshimu. Ila kabla ya tuzo kulikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Korea Kusini, na kulikuwa na Taasisi ya Nelson Mandela, chuo cha umma. Mbona wahamasishaji huruka sehemu hiyo?

Huiruka kwa sababu ina gharama, na gharama ina mdaiwa. Wazo likiwa ndilo mtaji, kijana akianguka amejiangusha mwenyewe: hakuwaza vya kutosha, hakuthubutu. Benki haidaiwi chochote, waziri aliyefungua kongamano hadaiwi, na mfadhili atapata picha za ripoti yake.

Mjadala ujao ukiandaliwa, kiti cha mhamasishaji apewe ofisa manunuzi wa halmashauri, na pembeni yake akae mweka hazina. Waje na orodha ya wazabuni wanaodai; majina wayafiche wakipenda, tarehe wasizifiche. Na kijana wa kwanza kushika kipaza sauti asiulizwe wazo lake ni lipi. Yeye ndiye aulize: hati hii ya mwezi wa tatu italipwa lini?