Eti Ushukuru Una Kazi

Mwambie mtu yeyote Nairobi kwamba mshahara wako hautoshi na unafikiria kuondoka, usikie utakavyojibiwa. Eti ushukuru hata hiyo kazi unayo. Vijana wenye digrii wanauza mitumba Gikomba, kampuni zinafungwa, benki zinapunguza watu, nawe unataka kuchezea riziki! Shangazi atakwambia hivyo, mchungaji atakwambia hivyo, na meneja aliyekataa kukuongeza hata shilingi moja atakwambia hivyo kwa huruma inayowashinda wote. Kisha mzee mmoja atachomoa methali: heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi.

Nina ugomvi na ushauri huo. Sina neno na shukrani. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Chini ya ushauri huo kuna dhana ambayo ukiitamka waziwazi inachekesha, kwamba anayelipwa kidogo yuko salama zaidi. Siku kampuni ikitafuta wa kupunguza, eti itaanza na wenye mishahara minono na kukuruka wewe usiyeigharimu kitu. Kwa hiyo kila mwezi unapokubali kulipwa chini ya thamani ya kazi yako, unajiona kama unalipia bima. Bima gani hiyo isiyo na mkataba wala mtu aliyeahidi kukufidia?

Tazama wanaopunguzwa. Januari 2023 kampuni ya Sama hapa Nairobi ilitangaza kwamba inaacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, na watu wapatao 260 wakaambiwa kazi imekwisha. Hao hawakuwa wakurugenzi. Walikuwa vijana wanaoshinda wakitazama video za mauaji na ubakaji ili mimi na wewe tusizione, na Februari 2022 jarida la Time lilikuwa limeripoti kwamba baadhi yao, baada ya makato, walikuwa wakibaki na kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Kama mshahara mdogo ungekuwa ngao, hao ndio wangekuwa wa mwisho kuguswa. Kampuni ya maduka ya Nakumatt nayo ilipoporomoka, hadi wadai wakaamua ifungwe Januari 2020, wapanga bidhaa na makeshia waliangukiwa na paa lilelile lililowaangukia wakubwa, wengine wakiwa bado wanadai mishahara yao.

Hakuna muujiza hapo. Kampuni inapobanwa mara nyingi haipiti meza kwa meza ikiuliza nani anakula nyingi. Inafunga tawi, inapoteza kandarasi, inaleta mtambo, inaunganisha idara mbili kuwa moja. Baada ya sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti riba, mabenki kadhaa yalifunga matawi na kupunguza wafanyakazi. Karani wa kaunta hakuulizwa anapata ngapi. Tawi lilipofungwa, kaunta yake ilikwenda nalo.

Sheria inayoongoza upunguzaji wenyewe haikutaja mshahara. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, anapochagua wa kupunguza, azingatie aliyetangulia kuajiriwa, na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja katika kundi linaloguswa. Hakuna palipoandikwa kwamba asiyelalamika aachwe. Kifungu hichohicho kinampa anayepunguzwa malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Siku 15 za mshahara upi? Wake. Tuseme unalipwa shilingi 40,000 na umetimiza miaka 6. Hizo ni siku 90, mishahara mitatu hivi, 120,000. Mwenzako wa kazi ileile aliyefanikiwa kupandishwa hadi 65,000 anaondoka na 195,000. Unyonge wako wa miaka yote unakusindikiza hadi mlangoni, na hauishii hapo. Kazi utakayoomba baadaye, mara nyingi utaambiwa ulete hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, na huko ndiko bei yako mpya itakakopimiwa.

Turudi kwa yule mzee na kenda yake. Kenda ipi? Kabla ya Februari 2023, mtu wa 40,000 alikuwa akikatwa shilingi 200 za NSSF na 1,000 za bima ya afya ya NHIF. Leo mtu huyohuyo, kwa mshahara uleule, anakatwa 2,400 za NSSF, 1,100 za SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF, na 600 za ushuru wa nyumba. Kutoka 1,200 hadi 4,100, nasi bado hatujaigusa kodi ya mapato. Utaniambia NSSF ni akiba yangu ya uzeeni. Ni kweli, lakini mwenye nyumba wa mtaa wa Umoja hapokei akiba ya uzeeni. Mshahara usioongezwa unapungua ukiwa umekaa palepale, hata kabla ya kuhesabu bei ya unga. Anayekusifu kwa kushika kenda hajaihesabu siku nyingi.

Juu ya hayo, ongeza kazi za waliokwenda. Kila wimbi la kupunguza watu likipita, wanaobaki hurithi meza. Wewe uliyekuwa mhasibu wa malipo sasa unasimamia na ghala, kwa sababu wa ghala alipewa barua yake. Cheo kimeongezwa neno "kaimu", mshahara umebaki ulivyokuwa, na ukiuliza unakumbushwa una bahati. Kifungu cha 10 cha Sheria ileile ya Ajira kinasema masharti ya mkataba yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba na amjulishe kwa maandishi. Ni wangapi wamewahi kuiona karatasi hiyo? Wengi hawaiombi, kwa kuogopa kwamba jina la mwombaji litakumbukwa orodha ya wa kupunguzwa itakapoandikwa.

Sasa nifike mahali ambapo nawaelewa wanaobaki, maana si wote ni waoga. Wengi wamefungwa na Sacco, chama chao cha akiba na mikopo. Mkopo mara tatu ya akiba, unakatwa kwenye mshahara kabla hujauona, na nyuma yake wamesimama wadhamini watatu au wanne: mwenzako wa dawati la pili, dereva wa ofisi, dada wa mapokezi. Ukiacha kazi bila mpango, makato yanasimama, na baada ya muda ni wao wanaoanza kukatwa. Katika ofisi zetu hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko kufutwa kazi. Mtu anaweza kumkimbia mwajiri, lakini atamkimbiaje dereva aliyemwekea sahihi?

Lakini itazame vizuri hofu hiyo. Wadhamini wako wako kampuni moja nawe. Siku likija wimbi, mtabebwa pamoja, mkopaji na wadhamini wake, na akiba zenu zote zikiwa zimefungana kama nywele zilizosukwa. Kubaki hakukuwalinda. Kumewaweka ninyi nyote juu ya tawi moja. Sacco nyingi siku hizi zinamruhusu mwanachama aendelee kulipa kupitia benki au simu hata baada ya kubadilisha mwajiri. Nenda kaulize dirishani kabla hujaamua lolote: mkopo umebaki kiasi gani, akiba yangu inafunika ngapi, nikihama nitalipaje? Ni maswali ya dakika kumi, na kuna watu wamekaa miaka mitano katika kazi wanayoichukia kwa sababu hawajawahi kuyauliza.

Wapo watakaonipinga kwa hoja nzito zaidi ya ile ya shangazi. Huko unakokwenda, watasema, wewe ndiye mgeni. Utakuwa kwenye majaribio, ambapo sheria inaruhusu kuachishwa kwa notisi ya siku 7, na kwa kuwa ukongwe unazingatiwa, wimbi likifika huko utakuwa karibu na mlango. Hoja hiyo naiheshimu. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu aruke kutoka kampuni inayoyumba kwenda kampuni changa inayoishi kwa fedha za wawekezaji, hata ikimwahidi mshahara maradufu. Kampuni ya Copia ilikuwa imechangisha mamilioni ya dola kabla ya kuwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Mshahara mnono wa kampuni isiyopata faida nao ni ahadi tu.

Na upo wakati wa kubaki. Ukisikia kampuni inaandaa mpango wa kuondoka kwa hiari, usiandike barua ya kujiuzulu wiki mbili kabla eti umechoka. Aliyejiuzulu hana dai la kifungu cha 40. Miaka 6 ya jasho ataiacha mezani kwa hasira ya siku moja, na idara ya wafanyakazi itamwandalia keki. Anayebaki akisubiri malipo anayoyajua kwa tarakimu hana haja ya kutetewa na mtu. Ninaowasema mimi ni wale wanaobaki wakisubiri huruma.

Kwa hiyo ukibaki, baki na tarehe. Omba nyongeza kwa maandishi, taja kazi ulizorithi moja baada ya nyingine, na uweke nakala ya barua nyumbani. Kila mwezi tenga kiasi fulani, hata kama ni 3,000, mahali ambapo Sacco haiwezi kupafikia. Tafuta kazi ukiwa bado kazini, kwa sababu wenye kuajiri, kwa tabia yao mbaya, humpenda zaidi ambaye tayari ana mwajiri. Jipe miezi sita. Ikiisha na barua yako haijajibiwa huku umepata pa kwenda, mtu wa kwanza kuambiwa awe yule dereva aliyekuwekea sahihi, umwonyeshe jinsi mkopo utakavyoendelea kulipwa. Meneja atasoma kwenye notisi.