Jeshi la Akiba ni Shule ya Kwanza ya Ofisa

Yako maswali ambayo askari huulizwa nyumbani mara nyingi kuliko yale anayoulizwa kazini. Mojawapo ni hili: kijana aliyemaliza kidato cha sita, mwenye umri wa miaka 18 au 19, naye anatamani kuwa ofisa wa jeshi, je, yafaa ajiandikishe kwanza katika jeshi la akiba, au angoje nyumbani mpaka nafasi za ukadeti zitangazwe? Swali hili hutufikia sisi askari na polisi kabla ya wananchi wengine, kwa kuwa ndugu na majirani hutudhania kuwa twayajua mambo yote ya kambini. Basi haifai tulijibu ovyo. Sisi twaona kwamba jibu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina masharti yake, na mwenye kuyapuuza atamdhuru kijana na kulidhuru jeshi pia.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba akiba si jambo la kubuniwa pembeni. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 17, inamtaka kila raia mwenye afya awe tayari kupata mafunzo ya kijeshi atakapoitwa, kwa ajili ya kuilinda Katiba hiyo na mipaka ya nchi. Nayo Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inalitaja jeshi la akiba sambamba na jeshi la kudumu. Kwa hiyo kijana anayejiunga na akiba haingii jeshini kwa mlango wa uani. Anaingia kwa mlango uliowekwa na sheria.

Wako wenzetu wasemao kwamba askari wa akiba ni nusu askari, na kwamba ofisa wa kweli huzaliwa chuoni. Maneno hayo hayakubaliani na historia. Tumtazame John Monash, aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1865. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 19 na bado mwanafunzi, alijiandikisha katika kombania ya wanafunzi wa chuo kikuu, ambayo ilikuwa ya askari wa kujitolea. Hakuanza na nyota mabegani. Alianza katika safu, akapanda hadi usajenti, na mwaka 1887 ndipo alipopewa uofisa katika mizinga. Kwa miaka mingi iliyofuata alikuwa mhandisi wa madaraja mchana, na jioni na siku za mapumziko alikuwa askari. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, huyo askari wa akiba alipewa brigedi, akaiongoza Gallipoli mwaka 1915. Mwaka 1918 alikabidhiwa majeshi yote ya Australia yaliyokuwa yakipigana nchini Ufaransa. Tarehe 4 Julai mwaka huo alipanga shambulio la Hamel, akiunganisha askari wa miguu, vifaru, mizinga na ndege. Alikadiria dakika 90, na kazi ikamalizika kwa dakika 93. Mwezi uliofuata Mfalme wa Uingereza alimtunukia heshima ya usa papo hapo katika eneo la vita. Nani atathubutu kumwita mtu huyo nusu askari?

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na zama zetu. Colin Powell alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaica, akakulia mjini New York. Mwaka 1954, alipokuwa na miaka 17, alijiunga chuoni na Kikosi cha Mafunzo ya Maofisa wa Akiba, mpango ambao Marekani iliuweka kwa sheria ya mwaka 1916. Darasani hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa sana. Katika gwaride na nidhamu ndimo alimoiona njia yake. Mwaka 1958 alihitimu shahada ya jiolojia, na wakati huohuo akawa luteni usu. Mwaka 1989 alikuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Hakupita katika chuo maarufu cha West Point, bali njia ya akiba ndiyo iliyomfikisha huko.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kwa kila somo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, Tanzania haikupigana kwa askari wake wa kudumu peke yao. Maelfu ya wanamgambo, pamoja na vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, waliitwa wakaongeza nguvu. Walifika mpaka Kampala, iliyokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, bega kwa bega na wapiganaji wa Uganda. Watu wale hawakuanza kujifunza kushika bunduki siku adui alipovuka mpaka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kusisitiza mgambo wa wananchi, na mafunzo yakafanyika wakati wa amani. Akiba haiozi, waliosema wahenga, na hapa ilionekana hivyo hasa.

Sasa tuulize: kijana anajifunza nini katika akiba ambacho chuo cha maofisa hakiwezi kumfundisha baadaye? Sisi tuliopita katika mafunzo ya ukadeti twajua kwamba chuo humfundisha mtu kuamuru. Akiba humfundisha kutii kabla hajaamuru. Kuruti wa akiba hupigishwa kwata na koplo aliyemzidi umri na kumpungukia vyeti, naye akajifunza kwamba cheti hakilengi shabaha. Husafisha silaha iliyotumiwa na mwingine. Husimama lindo saa nane ya usiku, mvua ikinyesha, akingoja wa kumpokea ambaye amechelewa. Siku moja atakapokuwa luteni na kupanga zamu za walinzi, hataziandika kwa wepesi wa mtu asiyejua uzito wa usiku. Askari humtambua mapema ofisa wa namna hiyo, nao humfuata kwa moyo.

Faida ya pili ni ya jeshi lenyewe. Kumfundisha kadeti ni gharama kubwa kwa taifa, na kadeti anayeshindwa katikati ya njia ni hasara kwa pande zote mbili. Kijana aliyetumika katika akiba tayari amekwisha kuonekana. Wakuu wake wanajua kama huamka bila kuamshwa, kama husema kweli anapokosea, kama humsaidia mwenzake aliyechoka katika matembezi marefu. Mambo hayo hayasomeki katika cheti cha shule wala hayajulikani kwa mazungumzo ya nusu saa mbele ya meza ya usaili.

Faida ya tatu ni ya kijana mwenyewe, nayo husahauliwa mara nyingi. Akiba humruhusu ajipime. Akigundua kwamba maisha ya kambi si yake, atarudi kwenye ualimu, biashara au kilimo bila aibu, akiwa na nidhamu aliyoipata. Hapa kwetu mtihani wa kidato cha sita huisha mwishoni mwa mwaka, na vyuo vikuu hufunguliwa mwaka unaofuata, katikati yake au baadaye. Miezi hiyo vijana wengi huimaliza vijiweni. Je, si bora sehemu ya muda huo itumike uwanjani, kijana akijifunza kusoma ramani, kutoa huduma ya kwanza na kuitunza silaha?

Hata hivyo tulisema kwamba yako masharti. La kwanza ni umri. Nchi yetu inalijua jeraha hili kuliko nchi nyingi. Katika vita vya mwaka 1981 hadi 1986 watoto waliopoteza wazazi waliwafuata wapiganaji, wakaitwa kadogo. Kisha huko kaskazini watu wa Joseph Kony waliwateka watoto kwa maelfu. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto njiani akienda shule, akakuzwa katika ukatili mpaka akawa kamanda wake, na mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kifungo cha miaka 25. Mtoto aliyenyang'anywa shule akapewa bunduki hakuwa askari, bali aliangamizwa, na wengine wakaangamia kwa mkono wake. Kwa sababu hiyo Uganda ilijiunga mwaka 2002 na Itifaki ya kimataifa inayowakinga watoto wasiingizwe vitani, na sheria yetu inataka anayeandikishwa awe ametimiza miaka 18. Itifaki hiyo huziruhusu nchi kupokea wanaojitolea kuanzia miaka 16, lakini sisi tumechagua 18, na tumechagua vema. Tunaposema kijana ajiunge mapema, twamaanisha mwenye miaka 18 na 19, wala si siku moja kabla ya hapo.

Hapa tunasema nanyi moja kwa moja, ndugu zetu askari na polisi. Asiwepo miongoni mwetu mzazi atakayembadilishia mwanawe tarehe ya kuzaliwa ili amwingize haraka. Anayefanya hivyo anamfundisha mtoto kwamba utumishi huanza kwa uongo. Ofisa aliyeingia kwa karatasi ya uongo atatia saini karatasi nyingine za uongo: za mafuta, za posho, za risasi zilizopungua ghalani. Udongo upatize uli maji, lakini uupatize kwa mkono safi.

Sharti la pili ni masomo. Akiba isiwe kisingizio cha kuacha shule. Monash alihitimu uhandisi na sheria hali akivaa sare, na Powell alipata cheo na shahada kwa pamoja. Ofisa wa leo hushika ramani, hesabu, mitambo na sheria za vita. Kamanda wa akiba anayemzuia kijana kwenda kufanya mtihani wake, kwa sababu tu anamhitaji langoni, analinyima jeshi ofisa mwenye elimu.

Sharti la tatu ni ukweli wa ahadi. Tusimwambie kijana yeyote kwamba kujiunga na akiba ni hakika ya kwenda Kabamba katika chuo cha maofisa. Nafasi za ukadeti zina ushindani, nazo hazina budi kubaki hivyo. Akiba humtayarisha mtu kushindana, lakini haimpi cheo. Atakayedai fedha ili kumhakikishia kijana nafasi ni mwizi hata kama amevaa sare, na yapasa aripotiwe.

Sharti la nne ni mwenendo wetu sisi wakubwa. Mwalimu wa kwata anayemtukana kuruti au kumtumia katika shamba lake binafsi, anamtayarisha ofisa atakayewatukana na kuwatumia watu wake kesho. Kwa upande wa polisi mambo ni yaleyale. Askari msaidizi kijana anayefundishwa katika kituo namna ya kumpokea mlalamikaji kwa heshima, ndiye mkaguzi mwema wa baadaye. Mwenendo wetu kazini humfundisha hata pale ambapo hatukukusudia kumfundisha.

Katiba inataka jeshi hili liwe la taifa, lenye nidhamu, lenye ujuzi, na lenye kutii mamlaka ya kiraia. Sifa hizo hazimwingii mtu siku ile anapovishwa cheo. Humwingia polepole, kwa miaka, na yule aliyeanza akiwa kijana mwenye kutii atazipata mapema kuliko aliyeanza kwa kuamuru. Basi, afande, atakapokujia mwana wa ndugu yako na swali tulilolitaja hapo juu, mwambie amalize shule, atimize miaka yake 18, kisha aje na karatasi zake za kweli. Nasi tutakaompokea tuwe watu wanaostahili kuigwa.