Tusiuze nyumba tutakazokuja kuzipanga

Halmashauri za jiji la London zinalipa kodi kwenye nyumba zilizozijenga zenyewe. Nyumba hizo ziliuzwa kwa wapangaji kwa bei ya kutupa, wapangaji nao wakaziuza, zikaangukia mikononi mwa malandilodi, na leo halmashauri zinawabishia hodi malandilodi hao zikiomba kuzikodi ili zipate pa kuwaweka watu wasio na makao. Kenya inajenga nyumba kwa pesa zinazokatwa kwenye payslip za wafanyakazi. Ina kila sababu ya kuipitia hesabu ya London kabla haijamkabidhi mnunuzi mwingine funguo.

Mambo yalianza na Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980, chini ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Mpangaji wa halmashauri alipewa haki ya kuinunua nyumba anayoishi. Punguzo la bei lilinenepeshwa katika miaka iliyofuata, na kwa aliyekaa muda mrefu kwenye fleti liliweza kufika asilimia 70 ya bei ya soko. Nyumba zipatazo milioni 2 zimeuzwa hivyo England peke yake. Hatumlaumu mpangaji aliyenunua, nani angekataa? Tunailaumu serikali iliyouza bila kujenga nyingine, kisha ikazibana halmashauri zisitumie mapato yote ya mauzo kujaza pengo.

Kilichofuata kilitabirika. Mwaka 2014 Tom Copley, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la London, alichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya nyumba zilizouzwa kwa mpango huo jijini humo zilikuwa zinapangishwa na watu binafsi. Ukipanda ngazi za jengo moja la aina hiyo, unaweza kukuta milango mitatu iliyopakana yenye hadithi tatu. Wa kwanza ni wa mpangaji wa halmashauri, anayelipa kodi ya chini. Wa pili ni wa mzee aliyenunua na bado yumo. Wa tatu ni wa mama na watoto walioletwa na halmashauri hiyohiyo, ambayo sasa inamlipa landilodi kodi inayoweza kuzidi maradufu ile ya mlango wa kwanza. Ukuta ni uleule na paa ni lilelile. Kilichobadilika ni mfuko inakoingia kodi.

Na landilodi akishajua mteja wake ni serikali iliyobanwa, hacheki naye. Zamani alikubali mkataba wa miaka kadhaa. Siku hizi wengi wanapendelea malipo ya usiku mmoja mmoja, kama gesti, kwa sababu yanalipa zaidi. Halmashauri nyingi humpa pia donge la pesa kabla hata ya mwezi wa kwanza, ili tu akubali kuipokea familia isiyo na makao. Ni malipo halali kabisa, yana stakabadhi, ingawa Mkenya akiyasikia atayafahamu kwa jina jingine. Mwaka 2025 kaya zaidi ya 130,000 zilikuwa katika makazi ya muda kote England, na bili ya mwaka imepita pauni bilioni 2. Mwaka ukiisha, pesa hizo hazijaiachia halmashauri hata chumba kimoja.

Ireland nayo iliipitia njia hii, kwa vazi la kisasa zaidi. Katika mpango ulioanzishwa mwaka 2018, mwekezaji aliikodishia halmashauri nyumba kwa miaka 25 na kulipwa hadi asilimia 95 ya kodi ya soko. Mpangaji alitafutwa na halmashauri, na chumba kikikaa kitupu kodi iliingia vilevile. Baada ya robo karne ya kulipiwa na umma, nyumba inabaki kuwa ya mwekezaji. Mwaka 2021 serikali ya Dublin iliamua kuachana na ukodishaji huo hatua kwa hatua. Iliamua vyema, ila mikataba iliyokwisha kusainiwa haifutiki. Itaendelea kulipwa hadi mtoto anayezaliwa leo awe na kazi yake.

Hatusemi kumkodi landilodi ni dhambi. Nyumba ya mtu iliyokaa tupu ikichukuliwa na serikali kwa miaka michache ili familia ipate pa kulala, hilo ni jambo la maana. Wales wana mpango wa namna hiyo, na wao walikwisha kufuta uuzaji wa nyumba za umma mwaka 2019, Scotland ikiwa imewatangulia mwaka 2016. Shida huja pale nchi inapouza kwa mkono mmoja na kukodi kwa mwingine.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024, inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri kiasi kama hicho. Inawatenga katika kundi lao wenye mapato yasiyofika Sh20,000 kwa mwezi, na hilo ni jema. Lakini nyumba hizi hazijengwi zibaki za umma. Zinauzwa. Katika mtaa wa Mukuru, ambako Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza mnamo Mei 2025 katika mradi wa zaidi ya 13,000, anayepata chumba kimoja analipa chini ya Sh4,000 kwa mwezi hadi siku kitakapokuwa chake. Ni nafuu kubwa kwa familia iliyotoka kwenye mabati na choo cha kulipia, na hatuna nia ya kuibeza.

Swali ni nini kitafuata siku mnunuzi atakapougua, au atakapopoteza kibarua, au karo itakapodaiwa Januari. Jibu tunalo tangu Kibera. Wakazi wa Soweto Mashariki mtaani humo walipohamishiwa kwenye nyumba za muda Lang'ata kuanzia Septemba 2009, haikuchukua muda kabla ya baadhi yao kupangisha vyumba walivyopewa, wakatia tofauti mfukoni na kurudi mabandani. Ukipita Eastlands, kwenye mitaa ya kaunti kama Jericho na Ofafa, utaona vyumba vya mabati vilivyobandikwa mbele ya nyumba za mawe. Jina lililo kwenye daftari la kaunti si lazima liwe la anayelala ndani. Keyateka anajua nani anaishi wapi na kodi inaenda kwa nani; afisa wa nyumba ndiye anayejifanya hajui.

Watetezi wa mpango watasema Sheria inamzuia mnunuzi kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi inayosimamia nyumba hizi. Kweli, kifungu kipo. Lakini idhini ni karatasi, na katika nchi hii tunafahamu fika jinsi karatasi zinavyopatikana. Aidha, mwenye nyumba hahitaji kuuza ili awe landilodi. Anahitaji tu kuhama.

Watasema pia kwamba Mkenya anataka chake, kwamba kulipa kodi maisha yote ni utumwa. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye mshahara wa Sh60,000 anayeweza kubeba mkopo wa miaka mingi, na kwake serikali iuze. Kwa muuza mboga anayepata Sh15,000 mwezi mzuri na Sh7,000 mwezi mbaya, hati ya nyumba itakuwa kitu cha kwanza kumtoka mkononi mambo yakiharibika. Kinachomfaa ni nyumba safi ambayo kodi yake haipandi kwa matakwa ya mtu na ambayo haitatolewa mlango akichelewa wiki mbili.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Nyumba zilizotengewa kundi la mapato ya chini zisiuzwe hata moja. Zipangishwe na zibaki mali ya umma. Katika makundi mengine, mnunuzi akitaka kuondoka, aiuzie Bodi na si mtu mwingine, kwa bei inayofuata alicholipa badala ya kelele za soko. Daftari la wakazi liwe wazi na likaguliwe mlango kwa mlango kila mwaka, na anayekutwa akipangisha anyang'anywe bila simu ya mheshimiwa kuingilia kati.

Bunge ndilo lililopitisha Sheria hii kwa haraka mwaka 2024. Lirudi kuirekebisha sasa, kabla ya maelfu ya nyumba zinazoendelea kujengwa kupata wenyewe.